Jinsi ya Kukagua Viota vya Mbayuwayu Zambarau, Hatua kwa Hatua

Nilipokuwa mtoto Tanga tuliambiwa tusiguse kiota cha ndege: ukikigusa, mama atasikia harufu ya mkono wa mtu na kuwasusa makinda wake. Nilikua nikiamini hivyo, nikahama na imani hiyo mpaka hapa kaskazini mwa Texas. Mwaka wa kwanza nilisimamisha nguzo uani, nikatundika vibuyu vinane, mbayuwayu wakaja, nami nikawa nawatazama kutoka barazani bila kuwasogelea. Mwishoni mwa Julai, walipokwisha kuondoka, nilishusha vibuyu nivioshe. Kimoja kilikuwa na makinda wanne waliokaukia ndani, na nilipoinua majani makavu, utitiri ulinipanda mkono hadi kwenye kiwiko. Kama ningekuwa nafungua kila wiki ningeuona mapema, na kubadilisha kiota ni kazi ya dakika tano.

Harufu ya mkono wa mtu haimfukuzi mbayuwayu zambarau. Misimu yote iliyofuata nimefungua, nimehesabu, nimefunga, na mara nyingi kabla sijafika mlangoni kwangu mama ameshaingia na kereng'ende mdomoni. Nawaandikia ndugu mlioko Marekani na Kanada wenye uwanja na nia, na yeyote aliye nyumbani anayependa kujua kazi hii inavyofanywa.

Tumjue kwanza mgeni mwenyewe. Huyu ndiye mbayuwayu mkubwa kuliko wote Amerika Kaskazini: urefu wa sentimita 20 hivi, uzito wa gramu 50 na kitu. Dume aliyekomaa kwa mbali ni mweusi, jua likimpiga anageuka zambarau inayong'aa mwili mzima. Jike ana kifua cha kijivu, na madume wa mwaka wa kwanza nao hufanana na majike, kwa hiyo usiharakishe kuandika jinsia. Majira ya baridi hukaa Amerika Kusini, wengi wao Brazili kwenye bonde la Amazon. Mwaka 2009 Bridget Stutchbury wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafunga ndege hawa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga. Mmoja wao alirudi kutoka Amazon hadi Pennsylvania kwa siku 13 tu.

Jambo la kushika hasa ni hili. Upande wa mashariki wa bara hili karibu wote hutaga katika nyumba walizowekewa na watu. Wenyeji wa asili, wakiwemo Wachoctaw na Wachickasaw, waliwatundikia vibuyu vitupu kabla Wazungu hawajafika, na ndege wakazoea. Magharibi bado wapo wanaotumia matundu ya miti, na jangwani Arizona hukaa ndani ya mipungate mirefu ya saguaro. Huyu wa kwetu huku lakini hana pengine pa kwenda. Ukimtundikia kibuyu umekuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hukagua nyumba yake.

Hatua ya 1: Nguzo inayoshuka

Usinunue nyumba ya kupandia kwa ngazi. Ya kwanza niliuziwa na duka moja la vifaa vya bustani. Ilipendeza, ina mapaa na nguzo ndogo kama kasri, lakini ilifungwa kwa skrubu juu ya mti wa chuma na milango yake haikufunguka. Nyumba usiyoweza kuishusha hutaikagua. Mara mbili tatu utajitia moyo, kisha utaacha.

Tafuta nguzo yenye kamba na roda, au winchi, inayoshuka na kupanda wima bila kuzunguka. Ikirudi juu ikiwa imegeuka, au imesimama chini ya pale ilipokuwa, wazazi hupotea: kila mmoja anajua mlango wake kwa mahali ulipo, na atakwenda kubishana na jirani. Mimi nimepiga alama ya rangi kwenye nguzo na kwenye fremu. Zikikutana, najua nimeirudisha sawasawa.

Urefu uwe kati ya mita 3 na 4.5. Pawe wazi pande zote, mti wa karibu usiwe ndani ya mita 12, na nyumba ya watu isizidi mita 30. Wanapenda ukaribu wetu, kwa sababu mwewe na bundi hawaupendi. Chumba kiwe na kina cha kutosha. Sentimita 15 kwa 30 ni bora kuliko 15 kwa 15, maana bundi akiingiza mguu mlangoni asifikie kiota kilicho nyuma.

Chini ya yote weka kinga ya nyoka, bomba pana la bati linaloizunguka nguzo. Huku kwetu kuna nyoka wanaokula panya, nao hupanda chuma kilaini kama sisi tunavyopanda ngazi, na mmoja humaliza vyumba vitatu kwa usiku mmoja. Rakuni, mnyama mdogo wa usiku anayejua kupanda, naye yupo. Kinga iwekwe kabla ya yai la kwanza, usisubiri msiba.

Hatua ya 2: Namba na daftari

Andika namba kwenye kila kibuyu kwa rangi isiyofutika, upande unaoonekana ukiwa chini. Kisha daftari, ukurasa mmoja kwa kila namba. Safu zangu ni tano: tarehe, majani au tope, mayai, makinda na umri wao, mengineyo. Simu ni nzuri lakini mikono itakuwa na tope; penseli haikwami.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Kila baada ya siku 5 hadi 7, siku kavu yenye joto, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Alfajiri na asubuhi mapema usiende, kwa sababu jike hutaga wakati huo. Jioni pia usiende; ndege aliyeshtuliwa giza likiingia anaweza kushindwa kurudi. Mvua ikinyesha, ahirisha. Kazi nzima ya vibuyu kumi na viwili hunichukua nusu saa, na sijawahi kuona wazazi wakisusa kwa nusu saa. Watapiga kelele juu ya kichwa chako, watakupitia karibu na sikio. Endelea.

Hatua ya 4: Kufungua

Gonga nguzo kwa kiganja mara mbili ili waliomo watoke wenyewe. Shusha polepole. Vaa barakoa, maana vumbi la kinyesi si la kuvuta. Fungua namba moja, tazama, andika, funga, ndipo uende namba ya pili. Nimeona watu wakifungua vyote kwanza halafu wakaanza kuandika; hapo ndipo namba huchanganyika.

Kitu utakachokuta hutegemea wiki. Mwanzoni ni vijiti na nyasi kavu, kisha ukuta mdogo wa tope mlangoni, kama kizingiti. Siku chache kabla ya kutaga na wakati wa kuatamia utaona majani mabichi yametandikwa juu. Ukiona majani mabichi leo, wiki ijayo njoo na penseli iliyochongwa. Mayai ni meupe pe, hayana doa hata moja, kwa kawaida 4 hadi 6.

Kama jike ameng'ang'ania mayai na hatoki, mwache. Andika "jike amelalia" na ufunge.

Hatua ya 5: Hesabu ya tarehe

Hapa ndipo daftari linapolipa. Jike hutaga yai moja kwa siku. Huanza kuatamia kwa dhati linapobaki yai moja kukamilisha, na mayai huanguliwa baada ya siku 15 au 16. Makinda hukaa kiotani siku 26 hadi 32.

Chukua mfano wa kibuyu namba 4. Tarehe 14 Aprili nilikuta mayai 2. Tarehe 19 nilikuta 5, na hayakuongezeka tena. Mayai 2 tarehe 14 maana yake la kwanza lilitagwa tarehe 13. La tano basi ni tarehe 17, na la nne, pale kuatamia kunapoanza, ni tarehe 16. Ongeza siku 15 au 16: wataanguliwa tarehe 1 au 2 Mei. Kuruka ni kati ya 27 Mei na siku za mwanzo za Juni. Naandika tarehe hizo tatu juu ya ukurasa, nazipigia mstari.

Ukikosa kuona mayai yakitagwa, soma umri kwa macho. Kinda wa siku ya kwanza ni nyama ya waridi tupu, macho yamefumba, shingo haijui kuhimili kichwa. Siku ya 5 au 6 ngozi ya mabawa inaanza kuwa na kivuli cheusi, manyoya yakiwa bado ndani. Siku ya 10 hivi macho yanafunguka kama mwanya wa uzi, na mabawani vimetoka vijiti vyeusi kama sindano. Wiki mbili zikitimia ncha za sindano hizo zinapasuka na manyoya yanachomoza kama brashi ya rangi. Siku ya 20 amevaa karibu mwili mzima, mabawa tu ndiyo mafupi.

Mtoe mmoja, mweke kiganjani, funika kwa mkono wa pili. Joto lake litakushangaza, na utasikia moyo ukienda mbio hata huwezi kuuhesabu. Atafungua mdomo wa njano akidhani ni chakula. Mtazame tumbo na chini ya mabawa kama kuna utitiri, kisha mrudishe. Nusu dakika inatosha.

Hatua ya 6: Wavamizi

Msomaji wa Zanzibar au Dar es Salaam ataelewa upesi nikimkumbusha kunguru wa India, aliyeletwa visiwani miaka ya 1890 na leo ametapakaa pwani nzima. Muongo huohuo, mwaka 1890, Eugene Schieffelin alifungulia kwezi wa Ulaya katika bustani ya Central Park, New York. Shomoro wa Ulaya alikuwa ameshaletwa Brooklyn tangu miaka ya 1850. Wawili hawa ndio maadui wakubwa wa mbayuwayu zambarau, kwa sababu wanagombea tundu lilelile, hutoboa mayai na huua makinda.

Kiota cha shomoro ni rundo: nyasi ndefu, manyoya ya kuku, karatasi, vipande vya plastiki, limejaa mpaka juu na lina handaki pembeni. Mayai yake yana madoadoa ya kahawia. Kwezi hutaga mayai ya buluu hafifu yasiyo na doa. Hao wawili hawalindwi na sheria ya shirikisho ya Marekani, na viota vyao huondolewa. Ondoa kila unapokagua, bila kuchoka, kwa sababu shomoro hujenga upya ndani ya siku mbili.

Lakini kabla hujatupa chochote, hakikisha. Kuna ndege wadogo wa kienyeji wanaoingia vibuyuni ambao mayai yao pia yana madoadoa, na kuna ndege wa buluu ambaye mayai yake ya buluu hafifu yanaweza kukuchanganya na ya kwezi, ila ni madogo na kiota chake ni kikombe safi cha nyasi. Hao wanalindwa na Sheria ya Ndege Wahamao ya 1918, sawa na mbayuwayu zambarau mwenyewe. Kuchukua yai au kinda wao, au kuharibu kiota chao chenye mayai, ni kosa. Ukisita, piga picha, funga, uliza mzoefu.

Dhidi ya kwezi dawa nzuri ni mlango wenyewe. Badala ya tundu la duara weka tundu la umbo la mwezi mwandamo, upana sentimita 7.6 na kimo sentimita 3, karibu kabisa na sakafu. Mbayuwayu ana miguu mifupi, anajipenyeza kwa kifua. Kwezi kifua chake kinakwama. Pima kwa rula ya chuma. Kimo kikizidi kidogo tu kwezi anapita, kikipungua mbayuwayu naye hapiti.

Hatua ya 7: Kubadilisha kiota chenye utitiri

Anza kutazama tangu makinda wafikie siku 10. Weka kidole ukutani mwa kibuyu kwa sekunde kumi. Vumbi la rangi ya kutu likianza kutembea juu ya kidole, ni utitiri. Kuna na mabuu ya nzi, meupe, yanayonyonya damu usiku na kujificha chini ya kiota mchana. Kiota kilicholowa mvua nacho kibadilishe, hata kama hakina mdudu.

Andaa ndoo yenye maranda makavu ya msonobari. Si ya mwerezi. Mafuta yake yana harufu kali isiyowafaa makinda. Wahamishe makinda mmoja mmoja hadi kwenye ndoo, uwahesabu kwa sauti, funika kwa kitambaa, weka kivulini. Toa kiota kizima kwenye mfuko, ukwangue sakafu, ufute kwa kitambaa kikavu. Tandika maranda kama vidole vitatu kwenda juu, bonyeza nyuma kwa ngumi ili pawe na kikombe, rudisha makinda ukihesabu tena. Idadi iliyotoka ndiyo inayorudi. Usinyunyize dawa ya wadudu: makinda wanapumua hewa ya ndani ya kibuyu kidogo.

Kabla ya siku 10 wanahitaji kushikamana na kikombe alichokijenga mama, kwa hiyo usiwabadilishie isipokuwa hali ni mbaya kweli.

Hatua ya 8: Baridi na joto

Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka tu. Baridi ikishuka au mvua ikikaa siku tatu nne mfululizo, wadudu hawaruki na ndege anakufa kwa njaa. Juni 1972 mvua za kimbunga Agnes ziliua wengi sana kaskazini mashariki mwa Marekani. Hapa Texas hatujasahau Februari 2021, baridi iliyogandisha mabomba ya maji ikawakuta wakongwe wao waliotangulia kufika. Niliokota watatu chini ya nguzo, wepesi kama karatasi.

Tangu hapo nina nyenje kwenye jokofu. Siku ya pili ya baridi nawarushia juu kwa kijiko cha plastiki, mmoja mmoja, wawadake hewani. Siku ya kwanza hawaelewi. Akidaka mmoja, wengine hujifunza kwake upesi. Mayai ya kuvuruga yaliyokatwa vipande vidogo pia huyala, wakishazoea. Anza kuwazoesha kabla ya shida.

Joto la Juni lina shida yake. Makinda waliozidiwa husogea mlangoni na kudondoka. Vibuyu viwe vyeupe, na viwe na matundu ya hewa.

Hatua ya 9: Baada ya siku ya 22 usifungue

Kinda aliyevuka siku 22 akishtuka anaweza kuruka kabla mabawa hayajawa tayari, na hatarudi. Kwa namba 4 yangu siku hiyo ilikuwa 23 Mei. Niliandika "basi" kwa herufi kubwa, na tangu hapo nikawa nahesabu vichwa mlangoni kwa darubini. Kama jirani zake bado ni wadogo na lazima ushushe nguzo, ziba kwanza mlango wa wakubwa kwa kitambaa safi. Usisahau kukitoa. Mimi nina vitambaa vyekundu vitatu tu, na siondoki pale mpaka vitatu vyote viko mfukoni.

Ukikuta kinda chini, mwokote. Kama ana afya, mrudishe kwenye chumba chake. Kama hujui chake, mweke pamoja na makinda wa umri wake. Wazazi hawa humlisha yeyote anayefungua mdomo ndani ya chumba chao, na daftari ndilo litakalokuambia ni chumba kipi chenye rika lake. Usimpeleke ndani kumlea mwenyewe. Sheria hairuhusu bila kibali, na mama yake anamlisha vizuri zaidi.

Hatua ya 10: Kufunga msimu

Wakisharuka hurudi kulala vibuyuni kwa siku kadhaa, hivyo usishushe mara moja. Baadaye hukusanyika na makundi mengine kwenye malazi makubwa kabla ya safari. Lake Murray, South Carolina, huwa na mamia ya maelfu kwenye kisiwa kimoja, na alfajiri wakipaa wote pamoja rada za hali ya hewa huonyesha duara linalopanuka.

Jumlisha daftari: mayai mangapi, wangapi walianguliwa, wangapi walifikia kuruka, na waliokufa walikufa kwa nini. Takwimu hizo zipeleke kwa Purple Martin Conservation Association ya Erie, Pennsylvania, iliyoanzishwa 1987. Wana mpango unaoitwa Project MartinWatch unaopokea rekodi za wenye nyumba wa kawaida kama sisi. Jaza hata pale ulipopoteza. Ukurasa wangu wa mwaka ule wa utitiri ulikuwa mtupu kwa sababu sikuhesabu chochote, na sasa siwezi kusema hata walikuwa na umri wa siku ngapi.

Kisha safisha. Tupa viota vyote, sugua vibuyu kwa sehemu moja ya maji ya klorini kwa sehemu tisa za maji, suuza, anika juani mpaka vikauke kabisa, ziba milango ili shomoro wasiingie, weka stoo. Huku kwetu vinarudi juu wiki ya kwanza ya Februari.